Saba kwa Lita

Baba alipostaafu kufundisha hesabu alinunua gari ambalo mama aliliita nyumba ya pili. Lilikuwa la petroli, injini ya lita nne na nusu, silinda sita, viti vya watu wanane. Alilipata kwenye mnada wa magari yaliyochoka, na siku alipolileta kwetu Bigwa lilijaza uwanja wote, kuku wakahamia jikoni.

Wanaume wanaokunywa kahawa kwenye benchi la dukani hawakumwacha apumzike. Mwenye duka ndiye aliyekuwa bingwa wao.

“Mwalimu, hilo ukilipeleka sheli usiliache linaunguruma. Litakunywa kuliko pampu inavyotoa.”

“Linakula kilomita tatu kwa lita,” mwingine akasema. “Na hizo tatu ni likivutwa.”

Baba hakuwa mtu wa kujibizana. Alikuwa mtu wa kupima. Alijaza tangi mpaka mdomoni, mimi na yeye tukalitikisa gari kwa mabega ili hewa itoke, akajaza tena. Akatembea nalo mjini wiki nzima, kisha akarudi kwenye pampu ileile, akagawanya kilomita kwa lita kichwani. Nne. Safari ya Dumila, lami tupu, ilimpa tano na kidogo. Hakuwaambia wale wa benchi. Mwaka ule nilikuwa nimerudi nyumbani kumalizia kitabu, na asubuhi nyingi sikuwa na kazi nyingine zaidi ya kumsindikiza, kwa hiyo niliziona namba hizo usoni mwake kabla hajazitamka. Alizitazama kama mtihani wa mwanafunzi aliyempenda, aliyefeli.

Mwezi uliofuata tulipanda milimani Nyandira, sisi wawili, kuchukua viazi. Wakati wa kushuka, mahali barabara inapoinama na bonde kufunguka upande wa kushoto, baba alitoa gia, akaweka nyutro, akashika ufunguo, akazima.

Sikuelewa mara moja. Kwanza niliusikia ukimya, kisha vilivyokuwa ndani ya ukimya: kokoto chini ya matairi, maji ya chemchemi pembeni ya njia, mtu akimwita mbuzi huko chini kabisa. Chuma chote kile kilikuwa kinateremka kama kitu kilichomponyoka mtu mkononi.

“Baba, limezimika.”

“Nimelizima. Mlima unatusukuma bure, tunachoma mafuta ya nini?”

“Na breki?”

“Breki zake zinasaidiwa na injini. Ukizima, zinabakiwa na pumzi tatu. Ukikanyaga mara tatu, ya nne utakuta jiwe. Kwa hiyo huzichezei.” Alisema kwa sauti ileile aliyonifundishia desimali.

Nilianza kuhesabu. Pumzi ya kwanza ilikwenda kwenye kona yenye mgomba mmoja. Ya pili ilikwenda kwa mwanamke aliyebeba kuni. Usukani nao ulikuwa umekuwa mzito, mishipa ya shingo ya baba ikasimama, na mguu wangu wa kulia ukawa unakanyaga sakafu mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukanyaga. Kabla ya ile ya tatu aliwasha, injini ikaunguruma, akanitazama kama mtoto aliyechungulia kisima na kurudi salama.

Kwenye pampu namba ilikuwa saba.

Alicheka peke yake, ameegemea boneti. Tangu astaafu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. “Hii hesabu ni yetu wawili,” akaniambia. “Mama yako usimwambie, ataiharibu kwa maneno.”

Mama sikumwambia. Jioni ile alikwenda dukani, akaagiza kahawa, akaitamka: saba kwa lita, na mlimani. Benchi zima likaweka vikombe chini. Sikuwahi kumsikia baba akidanganya, na hata siku ile hakudanganya.

Baada ya wiki kama sita, jirani yetu mmoja, Mluguru wa Nyandira, alifiwa na mama yake. Yeye alitangulia juu usiku huohuo. Sisi majirani tulitakiwa kumfuata kesho yake kwa maziko, na gari la kutuchukua wote lilikuwa moja tu. Mwenye duka alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya mchango wa mafuta, na asubuhi tulipofika sheli alikuwa ameshapiga hesabu.

“Kwenda na kurudi ni kama kilomita mia na kumi,” akasema. “Kwa saba yako, Mwalimu, lita kumi na sita. Tunakuwekea kumi na sita, hata tone halipungui.”

Baba aliutazama mshale wa mafuta. Ulikuwa umelala chini, kama kawaida yake. Watu walikuwa wameshakaa ndani: mama nyuma ya baba, ameshika sufuria kubwa ya mchele magotini, bibi mmoja wa mtaani na rozari yake, mwenye duka, wanawake watatu kwenye kiti cha mwisho. Wote waliitazama pampu. Mimi nilikaa mbele nikisubiri aitamke ile nne. Nilisubiri mpaka mfuniko wa tangi ukafungwa.

“Zinatosha,” baba akasema.

Kuanzia hapo hofu ilisafiri nami. Tulipopita Mzumbe ilikuwa bado ndogo, naweza kuifunika kwa mtandio. Mlali tulipoanza kuuacha uwanda haikufunikika tena. Gari lilipanda likiguna, watu wanane na mchele, na kila kona mshale ulishuka kwa namna ambayo jicho halioni mpaka liangalie pembeni na kurudi. Nyuma walikuwa wanazungumza habari za marehemu, jinsi alivyokuwa haachi mtu apite mlangoni kwake bila kumpa hata njegere mbili mkononi. Mimi nilikuwa nazitazama kona kwa upande wa kurudi. Hapa atazima. Hapa pumzi ya kwanza. Hapa.

Tukazika. Mvua ya milimani, ile isiyo na haraka, ilinyesha tangu kaburi linafukiwa hadi tunakula. Saa tisa alasiri mwenye duka alianza kukusanya watu, na mimi nikamfuata baba alikokuwa anapangusa kioo cha mbele kwa gazeti.

“Baba, leo usizime.”

“Mshale umeuona?”

“Nimeuona.”

“Basi.”

“Tuko wanane, baba.”

“Uzito ukizidi mlima unasukuma vizuri zaidi.” Alitaka iwe utani, lakini macho yake hayakuwemo. Aliendelea kupangusa mahali palipokuwa pameshatakata.

Ningeweza kumwambia mama pale. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anaagana na wafiwa. Nilikwenda mpaka karibu yake, nikamshika mkono, na alipogeuka nikamuuliza kama hasikii baridi.

Tuliteremka kwanza kwa injini, vizuri, taratibu. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye matuta ya kabichi, na njia ilikuwa utelezi mwekundu. Taa ndogo ya mafuta ikawaka. Baba aliitazama, akaweka nyutro, na mkono wake ukaenda kwenye ufunguo polepole kama unaokwenda kuokota kitu bila kuonekana.

Ukimya ukaingia garini.

“Sikilizeni gari la Mwalimu,” mwenye duka akasema kule nyuma. “Halina hata mlio. Kama limevaa soksi.”

Wanawake wakacheka kwa sauti ya watu waliochoka.

“Ni gari la heshima,” bibi wa rozari akasema. “Linajua tumetoka kuzika.”

Baba akatabasamu mbele yake, tabasamu dogo, na nilimwonea huruma kwa namna ambayo bado sijui niiweke wapi. Kisha akakanyaga pumzi ya kwanza.

Ya pili ilikwenda kwa vijana wawili waliokuwa wanasukuma pikipiki matopeni. Ya tatu aliishikilia, hakuiachia, akawa anaibana kidogo kidogo kama mtu anayenyonya embe la mwisho, na gari likaendelea kushika mwendo. Nilisikia pumzi yake ya puani. Nyuma walikuwa wamehamia kwenye wali wa msibani, kwamba ulikuwa umeiva vizuri.

Ndipo kenta ilipotokea chini, imepakia mifuko ya saruji, inapanda katikati ya njia kwa sababu njia yenyewe ilikuwa katikati tu. Upande wangu hapakuwa na ukingo, palikuwa na vichwa vya migomba na ukungu. Baba akakanyaga. Niliona goti lake likigoma. Akaongeza mguu wa kushoto, akakanyaga kwa miguu yote miwili, mgongo ukajiinua kutoka kwenye kiti, na kenta ikazidi kuwa kubwa.

Ufunguo ulikuwa ng'ambo ya usukani, upande wake, sikuweza kuufikia. Handibreki niliifikia, vidole vyangu vilikuwa juu yake, lakini baba mwenyewe alishanionya kwamba kwenye utelezi ukiivuta mkia wa gari unakuja mbele. Kilichobaki kilikuwa mdomo. Na katika sekunde zile, nashangaa mpaka leo, sikuwa namwogopa dereva wa kenta wala bonde. Nilikuwa naogopa watu waliokaa nyuma yangu wasije wakasikia. Mtoto hamvui baba yake nguo mbele ya majirani. Nilitembea na wazo hilo hatua nyingi za njia ambazo hatukuwa nazo.

“Baba, washa injini,” nikasema. Haikutosha, nikasema kwa nguvu. “Washa. Umezima, breki zimeisha.”

Mazungumzo ya nyuma yakakatika kama uzi.

Alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa, isishike. Akazungusha tena. Ikashika, ikaunguruma, na pedali ikazama chini ya miguu yake miwili kwa ghafla hivi kwamba wote tulitupwa mbele, sufuria ya mama ikagonga kiti. Gari likateleza kidogo, likasimama. Kati yetu na kenta pangepita mtu mmoja mwembamba, ubavu ubavu.

Dereva wa kenta alitoa kichwa. “Shikamoo mzee. Umelala?”

Baba akaingiza gia ya nyuma. Tulirudi nyuma kidogo mpaka palipo na nafasi, kenta ikapita ikitunyunyizia matope. Kisha mwenye duka akauliza, kwa upole ambao sikuutegemea kwake:

“Mwalimu, kwani lilikuwa limezimwa?”

“Nililizima mimi.” Mikono ya baba ilikuwa bado kwenye usukani. “Mafuta hayafiki. Ile saba ni ya kuzima mteremkoni. Likiwashwa ni nne, huku mlimani pengine hata nne haifiki.”

Nilimngoja mwenye duka acheke. Hakucheka. Bibi alikuwa anatafuta punje za rozari yake ambayo ilikuwa imekatika.

Mama akafungua mlango. Alishuka na sufuria yake, akajitwika, akaanza kutembea.

“Mama, unakwenda wapi?” nikamuuliza dirishani.

“Chini.”

Wanawake wale watatu wakamfuata, viatu mkononi. Mwenye duka akamshika bibi kiwiko, nao wakashuka. Baada ya muda mfupi wote walikuwa mbele yetu, wametanda njia nzima, vitenge vimelowa, wanateremka bila kugeuka nyuma.

“Shuka na wewe,” baba akaniambia.

Nilibaki. Ningependa kuandika kwamba ni kwa ajili yake, lakini mguu wangu wa kulia ulikuwa bado unakanyaga sakafu. Akaingiza gia ya chini kabisa, injini ikalia ule mlio wake mzito ambao benchi zima liliucheka, na tukawafuata kwa mwendo wao, taa ya mafuta ikituwakia, kona baada ya kona. Kila alipogusa breki nilitazama kama mguu unazama. Ulizama. Nilitazama hata hivyo. Nilihesabu hata hivyo, moja, mbili, tatu, nikapita tatu, na kila namba iliyofuata niliingoja iwe jiwe.

Tulipofika darajani, mahali panapokuwa tambarare, aliegesha na kuzima. Mwenye duka alikuwa ameshasimamisha bodaboda na kuomba kidumu kwenye nyumba ya jirani. Akaenda Mlali kutafuta petroli. Mama akaja dirishani kwa baba, akanyoosha kiganja. Baba alimtazama, akachomoa ufunguo, akamwekea. Mama aliufunga kwenye pindo la kitenge, fundo mara mbili, akarudi kukaa na wenzake kwenye ukuta wa daraja. Kwangu hakutazama kabisa. Alikuwa ameshajua kwamba nilijua.

Mimi na baba tukabaki garini. Mto ulikuwa umejaa, unapita chini yetu kwa kelele.

“Uliogopa tangu lini?” akaniuliza.

“Tangu ile siku ya viazi.”

“Na leo ukapanda.”

“Mama alikuwa ameshapanda.”

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayefuatilia hesabu ya mtu mwingine ubaoni mpaka mwisho. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado juu ya breki. Akakanyaga mara moja, mbili, tatu, na ya nne goti lake likagoma.