Kikombe cha Maua

Kikombe changu kilikaa nje, kwenye msumari wa mlango wa nyuma. Kilikuwa cha bati, rangi imebanduka mdomoni. Vikombe vya wenye nyumba vilikaa ndani, kwenye kabati ya vioo. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Siku ya kwanza ya kazi nilionyeshwa tu kwa kidole: chako ni kile.

Hiyo ilikuwa mjini Sultan Hamud, miaka ya sabini, nyuma ya duka la vitambaa la familia moja ya Wahindi. Uhuru tulikuwa nao. Pale stesheni, vibao vya choo cha Wazungu, cha Wahindi na cha Waafrika vilikuwa vimepakwa rangi juu, tukasema hayo yameisha. Mimi nilikuwa nimefika darasa la saba nikakwama, kwa hivyo kila asubuhi nilitoka upande wa Kasikeu kuja kufua na kupiga pasi. Nilikuwa mtu wa kucheka. Nilikuwa pia mtu wa kuota mchana, na ndoto yangu kubwa mwaka huo ilikuwa binti wa pale nyumbani awe rafiki yangu. Rafiki kabisa.

Tulikuwa rika moja. Akifunga shule, alikaa kwenye ngazi ya jikoni na kitabu chake cha Kiingereza, akanitafsiria huku mimi nikipuliza makaa ya pasi. Mbele ya mama yake aliniita ayah, jina la mtumishi. Tukibaki wawili, aliniita dada.

Kitabu kilikuwa cha nchi ya mbali, mahali Wazungu na weusi hawakai pamoja. Mzee mmoja mweusi alichimba kisima cha kijiji, na maji yalipotoka akakatazwa kunywa kwa ndoo ya kisima hicho. Hapo binti alifunga kitabu akalia.

"Watu wabaya hawa! Dada, ningekuwa huko ningempa kikombe changu mwenyewe."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu!"

Moyo wangu uliruka. Chai ilipoiva sikwenda kwa msumari. Nilifungua kabati, nikachukua kikombe cha maua mekundu, nikajimiminia, nikaketi kando yake kwenye ngazi. Alikitazama.

"Hicho ni cha nyumbani."

"Na mimi niko wapi, porini?" Nikacheka.

Yeye hakucheka. "Maliza haraka. Mama asione."

Lakini mama yake alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Nani amempa hii?"

Nilimgeukia rafiki yangu. Neno moja tu lingetosha. Alifungua kitabu.

"Sijui, mama. Mimi nilikuwa nasoma."

Memsaabu hakupiga kelele. Alimwaga chai yangu uani, akanirudishia kikombe akikishika kwa ncha za vidole. "Chukua, ayah. Peleka kwenu. Kwa kabati hakirudi tena."

Kesho yake binti alisomea chumbani. Nilipopita na nguo nilizokunja, nilimwuliza yule mzee alifanywa nini.

"Nimemaliza kitabu," akasema bila kuinua macho. "Kinahuzunisha sana, ayah."

Tulikuwa wawili tu chumbani humo.

Nyumbani, siku ile ile niliyopewa, mama yangu, mwaitu kwa Kikamba, alikuwa amekipokea kikombe kwa mikono miwili. "Wamekupa hiki? Cha maua? Hao ni watu wazuri, mwanangu. Wafanyie kazi vizuri." Nikasema ndiyo, mwaitu. Ningemwambia nini, na uso wake uking'aa vile? Alikisugua na majivu, akakifunika kwa kitambaa alichoshona, akatukataza sisi watoto wake wote kukigusa. Kikawa cha wageni.

Pasta akija Jumapili baada ya ibada, ndicho alichonywea. Mwaitu aliniita mbele za watu, "Mletee kile chetu kizuri." Nilikileta, nikammiminia, na yeye akasifu chai na mkono ulioipika. Kisha nilienda jikoni nikanywa yangu kwa bati.