Mbwa wa Mizani ya Pamba

Nyuma ya nyumba yangu Kasongo, karibu na soko nilikouza chumvi na mawese, walikuwapo mbwa wanne. Niliwahesabu mara mbili: wanne. Wazungu walipomaliza mikataba yao walipanda gari na masanduku, hata kasuku. Mbwa waliachiwa barabara. Mimi niliwaokota nikawatafutia watu. Jirani yangu, Mwislamu wa kweli, aliniomba kwa heshima wasikaribie mkeka wake, kisha akaniletea mifupa. Watatu walipata watu wa kuwachukua bila maneno mengi. Wa nne hakutakiwa na mtu.

Alikuwa jike kubwa, masikio wima, mbwa wa yule mzungu aliyepima pamba. Siku ya mizani, kikapu cha mkulima kikionekana chepesi, mzungu alimlegezea mbwa kamba. Basi. Watu walimjua kwa meno yake.

Jumatatu karani wa teritware, ofisi ya serikali, alinijia na amri: mbwa asiyeandikiwa mwenyewe, Jumamosi asubuhi polisi atampiga risasi. Nikamwambia aandike jina langu. Akasema mimi ni mtu wa soko, na mtu wa soko haruhusiwi mbwa mkubwa namna ile. Sheria yenyewe hakunionyesha.

"Mama, acha bunduki ifanye kazi yake. Hii imbwa ilikula batu."

"Ilikula batu kwa amri ya nani?"

Akatazama viatu vyake. Vilikuwa viwili, nilipata nafasi ya kuvihesabu tena.

Jumanne alfajiri nilishika kamba nikaelekea Lusangi, siku mbili kwa miguu, kwa mwindaji niliyemfahamu. Kwetu mbwa wa kuwinda habweki. Huenda kimya, na shingoni hufungwa kengele ya mti ili mwindaji ajue alipo porini. Asubuhi ya Alhamisi nilimsifu jike wangu kama ninavyosifu chumvi iliyonyeshewa, na habari ya sauti yake sikuigusa. Mwindaji akamfunga kengele. Mbwa aliposikia kitu kinagonga chini ya kidevu, akakibwekea. Na kadiri alivyobweka ndivyo kilivyogonga. Akazunguka, akaninyang'anya kamba, akaingia mbio katika shamba la karanga la mjane mmoja, jirani yake.

Mwindaji alicheka mpaka akakaa chini. Akasema wanyama wote hadi Kabambare wamekwisha kusikia, na leo nyumbani kwake watakula majani ya sombe, si nyama.

Lakini mle shambani nyani walikuwa wakifukua karanga. Sasa walikuwa wanakimbia. Niliwahesabu wakiingia msituni: saba. Mkia wa mwisho ulipotoweka nilikuwa nimerudia: saba.

Mjane akatoka na jembe mkononi. Akamtazama mbwa, akamtambua. Aliinua kitenge kidogo, akanionyesha shavu la mguu: alama nne za meno. Akasema msimu aliong'atwa kikapu chake kilikuwa chepesi kwa sababu alikuwa ametoka kumzika mumewe. Nikaokota kamba nirudi nilikotoka.

"Unaongeza nini?" akaniuliza.

Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye ninayetoa mali.

"Mama, hii imbwa ilinikula muguu, na hakuna mutu aliyenilipa. Sasa itanifanyia kazi. Lakini inakula sana, ninaiona. Unaongeza nini?"

Nikatoa kifungu kimoja cha chumvi. Akataka viwili. Nikamweleza uzito wa safari yangu, akanieleza uzito wa jembe lake, mpaka umande ukakauka. Nikatoa viwili. Katika maisha yangu yote ya soko, mnunuzi niliyemlipa ni huyo mmoja.

Tulitembea watatu, tukafika Kasongo Ijumaa jioni. Jumamosi tulikuwa wa kwanza mlangoni pa teritware. Polisi alikuwa tayari na bunduki yake. Karani akafungua daftari, akaitazama miguu mitupu ya mjane, akatabasamu, akaomba karatasi inayoonyesha kwamba mbwa huyu ni wake.

Mjane akaweka mguu juu ya benchi, akainua kitenge.

"Karatasi iko hapa," akasema. "Soma."

Karani hakutabasamu tena. Akachovya kalamu, akaandika. Polisi akaegemeza bunduki ukutani. Mimi sikuondoka. Nilimwomba karani anisomee alichoandika. Akasoma jina la mjane, na mbwa mmoja. Nikamwomba anisomee mara ya pili.