Mlinzi Aliyevaa Kandambili

"Mmewakata walinzi wangu miguu," Mama Vishindo alisema, na hakusema kwa upole. "Niliwaleta wazima, mmenirudishia vilema."

Mhandisi hakubanduka kitini. "Sijamkata mtu mguu, mama. Sauti zako zote zimo humo, kama ulivyozileta. Sikiliza mwenyewe." Akamsukumia kimashine cha mkononi.

Mama Vishindo akakitegea sikio. Kwenye kioo, mwanamke mdogo alikuwa amejibanza nyuma ya mapipa, na mlinzi mwenye bunduki, mkubwa kama nzi, akapita mbele yake. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa kama panya anayetafuna karatasi nyumba ya jirani.

Gemu lenyewe linaitwa Nyata. Huna silaha. Unaingia kwenye majumba ya watu wabaya, unachukua ushahidi wa maovu yao, unatoka bila kuonekana. Kinachokuokoa ni sikio: unamsikia mlinzi kabla hujamwona. Nyata tatu za mwanzo zilichezwa kwenye mashine kubwa zinazounganishwa na televisheni, na sauti za miguu yote ya walinzi zilikuwa za Mama Vishindo, aliyezikanyaga mwenyewe studio. Watu walikuwa wakishtuka makwao na kufunga milango. Sasa kampuni ilitaka Nyata ya kutia mfukoni, na kila kitu kikapunguzwa. Majumba yakapoteza vyumba, bustani zikapoteza miti, hata mwezi ukaondolewa angani kwa kuwa ulikuwa unakilemea kile kimashine. Hayo yote Mama Vishindo aliyanyamazia. Lakini miguu!

Bosi akaingia, akasikiliza mara moja, akarudisha kimashine mezani. "Hawasikiki. Tutaweka alama nyekundu kwenye kioo. Mlinzi akikaribia, inawaka. Ukiwa na njia nyingine, niletee kabla ya mwisho wa wiki."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Alama nyekundu haihitaji mtu wa kuikanyagia. Mkataba wa Mama Vishindo ulikuwa unaisha na gemu hili, na bosi alikuwa ameshaanza kuitazama studio yake kama mtu anayepima pa kuweka makabati.

Kazi hii hakuisomea. Aliajiriwa redioni kufagia. Siku moja mtu wa sauti hakufika, naye akaambiwa agonge mlango katikati ya mchezo wa kuigiza. Akaugonga kwa namna ambayo mwigizaji mmoja aliacha maneno yake akainuka kwenda kufungua. Hawakumrudishia ufagio. Kwa miaka mingi alinyeshesha mvua kwa mchanga na sinia, akaua watu kwa kuangusha gunia la unga. Michezo ya redio ilipokufa, akahamia kwenye magemu, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wananunua miwani.

Nyumbani, mama mkwe wake hakuwahi kuielewa kazi hiyo, na hakuficha. "Mtu mzima unaoga, unapanda basi, unakwenda kukanyaga sakafu. Si ungekanyaga hapahapa, kuna mablanketi ya kufua."

Basi Mama Vishindo akafanya alichokuwa akifanya siku zote mambo yakigoma: akaongeza uzito. Alivaa mabuti, akajifunga mfuko wa mchanga mgongoni, akapiga sakafu mpaka mhasibu wa chini akapanda kuuliza nani anagombana na nani. Sauti ikawa nene kama ya tembo. Kwenye kimashine haikusikika hata kidogo.

"Spika hii haina kifua," Mhandisi alimwambia. "Kadiri unavyoipa kizito, ndivyo inavyokimeza."

"Nenda kakate miguu kwingine," akajibiwa.

Jioni alikichukua kile kimashine nyumbani, akampa binti yake acheze. Binti akajikunja kwenye kochi, akakamatwa, akaanza upya, akakamatwa tena.

"Siwasikii kabisa, mama. Wanakuja kama moshi."

Televisheni ilikuwa inaongea, birika linapiga mluzi jikoni. Ghafla binti akasukuma kimashine chini ya mto na kufungua kitabu cha hesabu. Mlango wa korido ukafunguka, akaingia bibi yake, yule mama mkwe, ambaye gemu alikuwa amelipiga marufuku kabla ya masomo.

"Unasoma?"

"Nasoma, bibi."

Bibi akatoka. Kimashine nacho kikatoka.

"Ulijuaje kama anakuja?" Mama Vishindo aliuliza.

Binti akamtazama kama mtu aliyeulizwa amejuaje kama mvua inanyesha. "Si nimemsikia? Pa, sss. Pa, sss. Bibi hata gari la zimamoto likipita, utamsikia."

Mama Vishindo akaitegea sikio korido. Kandambili za plastiki, zilizolika kisigino. Kofi kavu, jepesi, halafu mburuzo. Hakuna uzito hata wa kutosha kumtisha kuku, na nyumba nzima ilikuwa inajificha.

Asubuhi alizibeba zile kandambili kutoka mlangoni bila kumwambia mtu. Studio, hazikumfaa kitu. Zikasema pa, pa, pa. Alipojaribu kuburuza, akatoa sauti ya mlevi anayetafuta choo. Akaziacha hukohuko, akarudi nyumbani mikono mitupu, akamkuta mama mkwe kitandani na miguu juu, baada ya kushinda peku kwenye saruji baridi.

"Mwizi wa kandambili amerudi," mama mkwe alisema.

Akamweleza yote: alama nyekundu, mkataba, spika isiyo na kifua. Mama mkwe akasikiliza bila kukatiza, jambo lisilo la kawaida yake.

"Kwa hiyo unataka miguu yangu."

"Naiomba, mama."

"Umeiba kwanza ndipo ukaja kuomba."

"Ni kweli."

"Basi hilo ni deni, tutadaiana. Lile gauni la kijani limenyooshwa?"

"Hakuna atakayekuona, mama. Ni sauti tu."

"Sikuuliza nani ataniona."

Mbele ya maiki, ndani ya gauni la kijani, alitembea kama askari kwenye gwaride. Mama Vishindo akamsimamisha. "Mama, usitembee. Nenda jikoni. Umesikia kifuniko cha kopo la sukari."

Hapo miguu ikaja yenyewe. Pa, sss. Pa, sss. Alipogeuka kurudi, ukanda wa kandambili ya kulia ukakatika.

"Deni linakua," alisema, akaketi.

Mama Vishindo akamsikilizisha. Mama mkwe aliinamia spika kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika.

"Huu mguu unaburuza."

"Ndiyo, mama."

"Tangu nilipoanguka. Nilidhani naficha."

"Mimi nausikia kila siku," Mama Vishindo alisema. "Usiposikika, ndipo ninapotoka kuja kukutazama."

Mama mkwe alilinyoosha gauni lake magotini, ingawa halikuwa na mkunjo.

Sauti ilipoingizwa kwenye gemu, Mhandisi alitoka nje kulijaribu kando ya barabara, malori yanapita na fundi wa jirani anakata vyuma. Mama Vishindo akasimama nyuma yake, mikono imekunjwa. Mhandisi akacheza. Mara kidole gumba kikaruka, mwanamke wa kwenye kioo akajitupa nyuma ya ukuta, na Mhandisi mwenyewe akaingiza shingo mabegani.

"Anatokea kushoto," alinong'ona. "Tena ana hasira."

"Hana hasira. Ndivyo alivyo." Halafu, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji, akaongeza, "Na habari ya kifua, ulikuwa sahihi. Hukumkata mtu mguu."

Bosi hakuitaja tena alama nyekundu. Alileta mkataba mpya, na makabati yakatafutiwa pengine.

Siku ileile Mama Vishindo akapitia dukani, akanunua kandambili za bei kubwa, zenye soli laini, akamkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili. Mama mkwe akazivaa, akatembea mpaka dirishani na kurudi. Hazikutoa sauti yoyote. Mama Vishindo akajiandaa kusemwa.

Mama mkwe akazitazama, akatembea tena, polepole. Nyuma ya mlango wa sebuleni, binti alikuwa anacheza gemu.

"Deni limekwisha," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, akiwa ameshaanza kuelekea mlangoni. "Na wewe usikohoe."