Mama Sweta na Makaburi ya Kando ya Matete

Kijiji chenyewe kilikuwa kipande chembamba cha ardhi: huku ziwa, huku mlima wa mawe, katikati barabara moja ya vumbi na nyumba zilizobanana. Watu wake hawakuwa na kulia wala kushoto. Ukiuliza duka liko wapi, unaambiwa ni ile nyumba ya upande wa maji, au panda kidogo upande wa mlima. Hata mezani mtu aliambiwa asogeze kikombe upande wa maji kisije kikaanguka. Wageni walicheka, kisha wakapotea, wakaacha kucheka.

Mama Sweta alikuwa mfumaji. Upepo wa asubuhi kutoka ziwani ulikuwa mkali, na hakuna mtoto aliyezaliwa pale bila kupelekewa sweta yake. Kwa hiyo ukitaka kujua kijiji kina watu wangapi, usimwulize mwenyekiti, maana yeye alijumlisha mpaka waliohama ili kijiji kionekane kikubwa. Ungekwenda kwa Mama Sweta. Alijua nani kazaliwa, nani kanenepa, na mimba gani bado inafichwa, kwa sababu bibi wa mtoto alishafika kuchagua uzi kwa kunong'ona. Na siri hakutoa. Mdomo wake ulikuwa mzito, tofauti na shoga yake muuza samaki, waliyemwita Kengele, ambaye akisalimia gatini, ng'ambo wanaitikia.

Mwaka wa surua uliwakuta wote wawili. Kitinda mimba wa Mama Sweta, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, alikufa, na kabla matanga hayajaisha akafa binti mdogo wa Kengele. Kila mmoja alizikwa na sweta yake. Mama Sweta ndiye aliyeng'ang'ania hilo. Alisema mtoto hapelekwi kwenye baridi akiwa na shuka tu, na siku hiyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kubishana naye.

Waliwazika bondeni, karibu na matete, kwa sababu mlimani jembe lilikuwa likigonga mwamba. Na hapo ndipo watu wale walipokosea, kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya. Mawe ya makaburi waliyaokota ziwani, yote mviringo, yote yamefanana, na hawakuandika kitu. Kwa nini waandike? Ukitaka kaburi la mtu wako, ulisimama gatini, ukayapa maji mgongo, ukafuata safu mpaka ukafika. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba ziwa nalo linaweza kuhama. Mlima ulikuwa haujawahi kuhama, sasa ziwa lihame liende wapi?

Likahama. Mvua zilikuja zikapitiliza, na maji yakapanda taratibu, bila fujo, yakaimeza gati, yakaumeza mnada wa samaki, yakaingia nyumba za chini. Watu walivuka mlima kwenda kukaa barabara kuu. Kengele naye akaenda kwa binti yake mkubwa, aliyeolewa huko. Oda za sweta zikakoma, kwa kuwa hapakuwa tena na mtoto wa kuzaliwa pale. Mama Sweta alibaki na sindano zake na mabaki ya uzi, akifuma na kufumua.

Mwanawe mkubwa, fundi baiskeli, alikuwa amempangishia chumba kule barabarani. Kila alipokuja walirudia maneno yale yale.

"Mama, twende. Maji hayana adabu, yataingia mpaka chumbani."

"Yakiingia nitayapa kiti."

"Mama, sitanii."

"Na mimi sitanii. Sitoki hapa bila mdogo wako. Nitamwachaje majini, mtoto mdogo vile?"

Kijana aliona hapo hapana njia nyingine. Mwenyekiti alikuwa ameruhusu wanaotaka kuhamisha wafu wao wafanye hivyo kabla ya mvua za pili, basi akaazima jembe na sepetu. Walipita kwa Kengele kumwuliza kama atakuja. Alikataa, na safari hii kwa sauti ndogo. "Mimi nguvu sina, mwenzangu. Na nitaanzia wapi? Gati yenyewe iko chini ya maji. Ukimpata wako, inatosha."

Bondeni maji yalikuwa yameshafunika nusu ya makaburi. Mama Sweta alizunguka muda mrefu, akisimama hapa, akirudi pale, akijaribu kukumbuka ufuko wa zamani ulipita wapi. Mwisho alionyesha mahali. Shimo la kwanza halikuwa na kitu, lilijaa maji tu. La pili, kijana alichimba polepole, kisha akatupa sepetu na kuendelea kwa mikono.

"Mama," alisema. "Tumempata. Kuna uzi wa sweta."

Uzi ule wa dukani hauozi upesi. Mama Sweta aliinama, akapangusa udongo kwa kidole. Ulikuwa wa kijani, na mkono mmoja ulikuwa umemaliziwa kwa kahawia, kwa sababu kijani kilimwishia kazi ikiwa haijakamilika. Sweta ya mwanawe ilikuwa nyekundu tupu.

 Kijana alikuwa analia kwa furaha na kwa huzuni, akisema pole mama, pole, basi yameisha. Hakujua tofauti, alikuwa mdogo wakati ule. Ilibaki mama aitikie tu. Nasema kweli, mama yule alitamani kuitikia. Alitamani kumfunga mtoto yule katika kitambaa, kumpakata, kumvusha mlima na kulala usingizi usiku ule. Kengele mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa. Nani angeumia?

Lakini alikumbuka vizuri sana walivyolazwa. Binti wa Kengele alilazwa jirani na mwanawe, yeye upande wa mlima, mvulana upande wa maji. Akainua macho. Hapo jirani palikuwa na matete, na matete yamesimama ndani ya maji yanayomfika mtu kiunoni.

"Si yeye," alisema. "Kamwite Kengele."

Kengele alifika akitweta. Alipouona ule mkono wa kahawia alikaa chini kwenye tope na nguo yake nzuri.

"Nilikugombeza kwa huu mkono," alisema.

"Ulinitukana."

"Nilikutukana kweli." Wakacheka, na kicheko kikawageukia kilio. Kisha Kengele akamshika bega. "Na wako?"

Mama Sweta alionyesha matete kwa kidevu.

"Basi huyu awe wetu sote. Tutamzika kule juu, na wewe utakuja kumlilia. Nani atajua?"

"Hapana, shoga. Wangu atadhani nimepata mwingine nikamsahau."

Walimvusha binti yule mlima jioni ile ile, wakamzika kwenye udongo mkavu, na safari hii Kengele alidai jina lichongwe. Asubuhi kijana alirudi na mkokoteni, akiwa amejiandaa kubembeleza upya. Alimkuta mama ameshafunga vitu. Hakuuliza swali, alipakia.

Walipokuwa wanaondoka, Mama Sweta alimwambia amsubiri. Alishuka peke yake mpaka bondeni, akaingia majini bila kupandisha nguo, akasimama pale yalipomfika magotini kwa sababu mbele yake palikuwa na kina. Kijana alimsikia akiwa kando ya mkokoteni, maana asubuhi ile kijiji kilikuwa hakina mtu mwingine wa kupiga kelele.

"Mama anahama, baba," alisema. "Nilikuja kukuchukua. Usione sikuja. Nilikuja, nimeshindwa kukufikia."