Mafundo ya Jikoni kwa Bibi

Mwaka 1987, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki, nikatolewa shule darasa la nne. Baba mdogo akaja msibani kutoka Nakapanya na neno lake: "Nitarudi baada ya mavuno. Nikimkuta huyu binti hana kazi ya mikono yake, namchukua akanifukuzie ndege kwenye mpunga wa msimu ujao." Mimi sikutaka ndege wa mtu.

Wa rika langu mnakumbuka Songea ilivyochangamka ghafla. Sabuni za kunukia zilirudi madukani, marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni. Kila kitu nilikiuliza. Kwa nini koti la Ulaya lina mfuko kwa ndani? Majivu yote haya yanakwenda wapi? Mama alichoka: "Mdomo wako hauna mlango!" Bibi, mzaa baba, akasema, "Usiyaseme yote. Yafunge."

Nikayafunga kweli. Kila wazo la kazi na kamba yake ya mgomba, nafunga fundo moja, natundika jikoni. Bibi akanipa utaratibu: linalotaka mikono tu, karibu na mlango; linalotaka msaada wa mtu, katikati; linalotaka fedha, juu ya mafiga, lipigwe moshi. Jumapili tukitoka misa, magimbi yakichemka, tunazipitia. Kamba iliyokatika kwa ukavu kabla sijaianza, Bibi aliitupa motoni. "Hilo halikuwa lako." Moja niliililia, maana nilishasahau lilikuwa wazo gani. Mpaka leo najiuliza.

Mavuno yakakaribia, kiherehere kikanishika, nikaanza matatu kwa mpigo. Togwa ya kuuza ikachacha, bata akaliwa na kicheche, mkeka ukaenda upande. Bibi hakunipiga. Alinisimamisha penye mlango. "Hapa pamebaki nini?"

Palibaki kamba moja: vifungo. Nilikuwa nimeona watu wananunua makoti ya mitumba yaliyokatika vifungo. Basi nikaokota vifungo kwenye matambara yaliyotupwa, nikaomba sindano kwa mama, nikakaa sokoni kando ya marobota. Wateja wakaja.

Mavuno yalipokwisha, Baba mdogo alitukuta hapo, mimi na Bibi. Koti lake kalibana kwa pini.

"Haya, twende."

Bibi akamtazama mwanawe kifuani. "Vua koti kwanza, unatuaibisha."

Nikashona vifungo vitatu, hata havikufanana. Akafunga, akafungua, akafunga tena. "Mh. Ndege nitafukuza mwenyewe."

Vijana wa leo mawazo wanayo tele, yamelundikana kwenye simu kama nguo chafu. Muulize, lipi utalianza kesho kwa mikono yako? Atakuambia anasubiri mtaji. Sisi tulikuwa na kiu ya kujua. Wao wana chaji.

Leo nina vyerehani vinne. Fremu mbili za duka Lizaboni. Nyumba ya matofali ya kuchoma. Ekari tatu za mahindi Matogoro. Wajukuu watano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilianzaje.