Taa ya Spiriti ya Baba

Hata leo, muuguzi akinipangusa mkono kwa pamba yenye spiriti, huwa nageuza uso. Yeye hudhani naogopa sindano. Mimi huwa namkumbuka mjomba Hamadi.

Baba alikuwa dresa, mfunga vidonda na mpiga sindano, pale Konde, miaka michache kabla ya Mapinduzi, na chumba chake cha dawa kilikuwa ubavuni mwa nyumba yetu. Sindano alizichemsha kwenye kikopo juu ya taa ya spiriti: chupa fupi ya kioo, utambi wa pamba na kifuniko cha bati. Mjomba, kaka yake mama aliyekaa nasi, ndiye aliyenifundisha kuitunza nikiwa binti wa miaka tisa. Utambi ukiuvuta mno, alisema, moto hurefuka ukawa wa manjano. Ukiufupisha hubaki wa buluu, na mchana huuoni mpaka uhisi joto lake. Dirisha nilifunge, maana upepo ukiulaza moto, maji hayachemki. Nilimpenda kuliko mtu yeyote.

Asubuhi moja alikuja mwanamke kutoka Makangale, amebeba mtoto anayewaka homa. Nikawasha taa. Moto ukatetemeka, ukasinyaa, ukazimika. Nikawasha tena, ukazimika tena. Baba akamimina spiriti kiganjani, akainusa.

"Hii ina maji. Nani kaijaza?"

Nikamtazama mjomba. Juzi yake nilimkuta akitia maji katika chupa kubwa ya spiriti, akaniambia ndivyo inavyofanywa idumu. Yeye hakunitazama.

"Ajazaye ni ntoto huyu, shemegi," akasema polepole. "Na ntoto hucheza."

Baba hakunipiga. Alisema tu nisiiguse taa tena, akaenda kukoka moto wa kuni achemshie sindano, huku yule mgonjwa akilia. Nikamkimbilia mama jikoni, nikamweleza nilichokiona. Hakuacha kukuna nazi.

"Nyamaza, mwanangu. Usimvunjie mjomba wako heshima."

Mgonjwa alipona, alhamdulillahi. Mimi sikuruhusiwa tena kuingia chumba kile.

Mjomba alipokwisha kuzikwa, nami nina watoto wangu, ndipo nilipojua kwamba spiriti ile alikuwa akiinywa, na maji yalikuwa ya kuziba pengo. Nikamuuliza mama. Akakiri kwamba alijua tangu mwanzo.

"Kosa la mtoto husahauliwa," akaniambia, "aibu ya mtu mzima haisahauliki."

Mjomba nilimsamehe siku ile ile, alikuwa mgonjwa wa ulevi. Mama bado namwombea dua, na bado sijaweza kumsamehe.