Mawe Chini ya Mashine

Kila redio inapotangaza kwamba mafuta yamepanda, wanaume wa mtaa wetu hutoka vibarazani na kulalamika kana kwamba kila mmoja ana lori. Jirani yangu mmoja, ambaye chombo chake pekee chenye gurudumu ni toroli, ndiye hupaza sauti kuliko wote. Mimi huwaacha waseme. Nilikulia Didia, kijiji cha Shinyanga, katika miaka ambayo dizeli ilipanda mpaka ikapotea kabisa, na nilimwona aliyeumia nayo. Alikuwa bibi yangu, mzaa baba, mwanamke ambaye sikumbuki kumwona hata siku moja ndani ya gari.

Vijana wa leo ukiwasimulia miaka hiyo wanadhani unatunga. Jumapili ikishafika mchana, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea, na mbuzi walilala katikati ya barabara bila wasiwasi. Padre alikuja kusoma misa kwa pikipiki akaondoka kwa baiskeli ya katekista, kanzu ameikunja mpaka magotini. Mnunuzi mmoja wa pamba, mtu wa kujisikia sana, alifunga ng'ombe mbele ya pikapu yake ili aifikishe Shinyanga mjini. Alikaa kwenye usukani kama kawaida, na kila alipopiga honi watu wapishe, ng'ombe walisimama. Tulicheka mpaka tukasahau kwamba hata yeye alikuwa na shida.

Mafuta ya taa nayo yalikuwa na kazi nyingi kuliko kuwasha taa. Yalikuwa dawa ya chawa, dawa ya funza, dawa ya kufukuza nyoka, na kwa wengine dawa ya kifua, ingawa sijui ni nani aliyepona. Yalipopanda bei tukakaa gizani, tena na chawa wetu kichwani. Hayo yote tuliyavumilia. Lililotuingia nyumbani na kukataa kutoka ni suala la unga.

Mashine ya kusaga ilikuja baada ya kijiji chetu kupangwa upya, nyumba zikiwa zimewekwa kwenye mistari iliyonyooka kama darasani. Kabla ya hapo kila mwanamke alisaga kwa jiwe. Jiwe kubwa linalala chini, limelika katikati, na juu yake unasukuma jiwe dogo tuliloliita mtoto. Unapiga magoti alfajiri na kusukuma mpaka jua linachomoza, na unga unaopata unaisha kwa mlo mmoja. Mama yangu alianza kazi hiyo akiwa msichana mdogo. Magoti yake yalikuwa meusi na magumu, na jioni alishindwa kuinua mkono kuchana nywele zake mwenyewe. Kwa hiyo waliposema mashine inakuja, mama alishangilia kuliko wote, na mpaka leo sioni sababu ya kumlaumu.

Kosa lilikuwa la mkutano mzima. Katika kujenga nyumba ya mashine, mawe ya msingi yalipungua, na mwenyekiti wa kijiji akapata wazo ambalo lilionekana zuri sana siku ile. Kila kaya itoe jiwe lake la kusagia. Mawe yatalala chini ya mashine, na taabu ya mwanamke itakuwa imezikwa. Wanawake walipiga vigelegele. Walibeba mawe yao kichwani wakiimba, na fundi akayapanga kwenye shimo moja moja na kuyamwagia saruji. Hakuna aliyeuliza mashine itakula nini.

Bibi hakuwepo. Alikuwa amekwenda Ushirombo kumwangalia shangazi yangu aliyejifungua. Jiwe la nyumbani kwetu lilikuwa lake, si la mama. Alipoolewa, kaka zake walilibeba kwa zamu kutoka kwao ng'ambo ya mto Manonga, na alikuwa amewalea wanawe wote kwa unga wake. Aliporudi akakuta mahali pa jiwe pana kuku wanaoga vumbi. Mtoto wa jiwe alikuwa amesahaulika pembeni, tukimtumia kupasulia karanga. Bibi akamwokota, akamfuta, akamfunga kwenye kitambaa na kumweka chini ya kitanda chake. Hakugomba. Mama alipiga magoti akaomba radhi, naye akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie mama yako nimesikia," alisema.

Tangu siku ile hakusema na mama moja kwa moja. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani nasubiri kuolewa, na kazi yangu kubwa ikawa ukalimani. Tulikaa watatu kwenye moto mmoja, magoti yanakaribia kugusana, naye angesema, "Mwambie mama yako maharage yanaungua." Mama alikuwa ameshasikia na ameshainua kifuniko, lakini ilinibidi niseme. Nikinyamaza, Bibi alirudia mpaka niseme. Wakati mwingine nilibanwa na kicheko, na wakati mwingine nilitamani kuwapiga wote wawili na mwiko.

Unga wa mashine hakuugusa. Alisema una harufu ya dizeli, na kusema kweli ulikuwa nayo kidogo, hasa ukiwa wa kwanza kusagiwa asubuhi. Alikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akashushia maziwa. Mama alimpikia kila siku sahani yake ya ugali, na kila siku ilirudi nzima. Baba alijaribu kusema neno mara moja, akaambiwa na mama yake kwamba mambo ya jiwe hayamhusu mwenye ndevu. Akarudi kwenye ng'ombe wake.

Hivyo tukaishi, mashine ikinguruma upande wa pili wa kijiji. Kisha bei ya dizeli ikaanza kupanda. Kwanza malipo ya kusaga yaliongezeka, na tukanung'unika tukalipa. Baadaye mashine ikawa inafanya kazi siku za gulio tu. Zilipofika zile siku za vita na miaka iliyofuata, dizeli ikawa haipatikani hata kwa mwenye fedha. Tulisikia kwamba kidogo kilichokuwepo kilifuata dhahabu, kwamba wachimbaji wa huko Geita walikuwa wanalipa bei yoyote ili pampu zinyonye maji kwenye mashimo yao, yale wanayoyaita maduara. Sisi tulikuwa na mtama. Nani angeacha dhahabu afuate mtama?

Kamati ya kijiji ikamtuma mwendesha mashine aende mpaka Nkome, ziwani, kwa sababu mtu mmoja aliapa kwamba wenye boti hawakosi mafuta. Alikwenda na pipa tupu na fedha za kijiji. Alikaa huko mpaka mkewe akaanza kuulizwa maswali. Hatimaye akarudi, na pipa limejaa. Watu wakakimbia kumpokea, mwenyekiti mbele. Alipofungua, lilikuwa limejaa dagaa.

"Huko nako wamerudi kwenye makasia," alisema. "Nikaona fedha zisilale bure."

Tulikula dagaa hao kwa muda mrefu, na ajabu ni kwamba wao pia walinuka dizeli. Mashine ikafungwa kufuli. Wanawake wakarudi kwenye kinu, lakini kinu peke yake hakitoi unga wa uji laini, na wachache waliobaki na mawe walikuwa wale waliokwepa mkutano. Mmoja wao alikuwa mvivu aliyejulikana kijiji kizima, ambaye hakupeleka jiwe lake kwa sababu hakutaka kulibeba. Sasa foleni ilikuwa uani kwake, na wenzake walimsifu kwamba aliona mbali.

Mwaka ule Bibi akashikwa na homa, na ilipomwachia ilimwacha bila nguvu. Meno machache aliyokuwa nayo yaliuma. Matobolwa yakamshinda kutafuna, hata yaliyolowekwa. Kilichobaki ni maziwa, nayo hayakumkaa tumboni. Alihitaji uji. Mama alikwenda kupanga foleni kwa yule mvivu, akasaga mtama, akapika uji mwepesi, nikaupeleka kwenye kata ya kibuyu. Bibi alinusa.

"Mwambie mama yako mimi siombi kwenye jiwe la watu."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba atakufa kwa kiburi, maneno ambayo mjukuu haruhusiwi kusema. Niliporudi jikoni na kata imejaa vilevile, mama aliitazama, akaketi chini na kulia waziwazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alisema watu watasema alimuua mama mkwe wake kwa njaa, na kwamba watakuwa wamesema kweli. Nilimwogopea mama siku ile kuliko nilivyomwogopea Bibi.

Kesho yake asubuhi mama alichukua jembe, tindo na nyundo ya baba, akaniambia nimfuate. Tulikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mashine. Mama alizunguka mpaka kona ya nyuma, akasema fundi aliweka jiwe letu hapo, akaanza kuchimba. Kabla hajafika mbali mwenyekiti alikuja mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Shikamoo mwenyekiti," mama alisema bila kuacha kuchimba.

"Marahaba. Mama, unafanya nini? Huo ni msingi wa kijiji!"

"Unashikilia nini?"

"Unashikilia mashine."

"Mashine inafanya nini?"

Mwenyekiti alitazama kufuli. Wanawake walishaanza kukusanyika, wengine na majembe, na nadhani aliona kwamba akisema vibaya nyumba nzima itabebwa kichwani, jiwe kwa jiwe, kama ilivyokuja. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa sauti ya chini kama Bibi ana hali mbaya kweli, na mama akasema ndiyo. Mwenyekiti akapima ukuta kwa macho.

"Toa moja," alisema. "Moja tu, maana kona hii ikilegea ukuta utatuangukia. Na chagua vizuri, sitaruhusu la pili."

Mama alichagua. Mawe yalikuwa yamevaa saruji, yote yanafanana, na alipitisha kiganja juu ya kila lililoonekana, akarudi, akapitisha tena. Mwishowe akapiga tindo kando ya moja. Tulilitoa kwa shida, tukajaza shimo kwa matofali mabovu, tukalibeba nyumbani kwa kupokezana na wanawake wengine. Siku nzima nilikwangua saruji. Tumbo la jiwe lilipotokea, limelika na kung'aa, mama aliliosha mara kadhaa, kisha tukaliweka mlangoni kwa Bibi, tukamwinua kitandani na kumketisha mbele yake.

Bibi aliomba kitambaa chake. Alimfungua mtoto wa jiwe, akamweka juu ya jiwe kubwa, akasukuma mara moja kwa nguvu aliyokuwa nayo.

Kila aliyewahi kusaga anajua kwamba jiwe na mtoto wake hulana miaka yote mpaka wanakaa pamoja bila nafasi. Ukisukuma, mlio ni mmoja, mzito, usiokatika. Sisi tulisikia mtoto anagonga. Aliyumba upande huu, akagonga, akayumba upande ule, akagonga tena. Bibi alimwondoa, akapitisha vidole polepole ndani ya tumbo la jiwe, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa na kushika magoti yake kwa mikono miwili. Niliona kwamba yeye pia anajua. Jiwe la mwanamke mwingine lilikuwa mlangoni petu, na la Bibi lilikuwa limebaki chini ya ule ukuta. Nilingoja niambiwe niseme nini, na nilikuwa nimeamua kwamba safari hii sitasema.

Bibi aliacha mkono wake juu ya jiwe.

"Ndilo," alisema. Kisha akainua uso, akamtazama mama. "Mwanangu, mbona umekaa? Weka mtama."

Mama alisaga. Jiwe liligonga mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyesema neno juu ya mlio ule. Unga ulitoka na chenga, na uji ukawa mzito mahali na mwepesi mahali. Nilinyoosha mkono kuipokea kata niipeleke, kama nilivyozoea, lakini Bibi alikuwa ameshanyoosha wake kwa mama. Alikunywa polepole, akitema chenga pembeni, mpaka kata ikaisha, akamrudishia mama mkononi na kumwomba amwongeze.